Mwenye nyumba alinistiri, chumba chake kinamkaba mwanangu

Mama Mshauri, shikamoo.

Naomba jina langu lisitajwe, na mtaa pia usitajwe. Ukisema Manzese inatosha, maana nyumba za huku zinafanana na mambo yetu yanafanana.

Nina miaka 36. Naishi na mwanangu wa kiume wa miaka 9, yupo darasa la tatu, na mama yangu mzazi ambaye mwaka juzi alipata kiharusi, mkono na mguu wa kushoto havina nguvu. Sote watatu tuko chumba kimoja. Asubuhi nauza chai na chapati karibu na kituo cha mwendokasi, jioni nikiwa na nguvu nakaanga mihogo barazani.

Nyumba ni ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani kuna bafu, choo kimoja na chumba cha nyongeza. Mwenye nyumba ni bibi mjane, marehemu mume wake ndiye aliyeijenga. Anaishi humo humo, chumba cha mwisho kulia. Cha mbele kulia kimefungwa kufuli, mwanawe ameweka vigae na mifuko yake ya saruji. Vitano vilivyobaki tumepanga. Ukituhesabu na watoto tuko watu 23, choo kimoja.

Chumba changu ni cha mwisho kushoto, ukuta wa nyuma umeshikana na bafu. Nilipoingia mwaka 2017 ukuta ulikuwa na alama kidogo tu kwa chini. Baadaye barabara ya mtaa ikatengenezwa, ikainuliwa, nyumba yetu ikabaki chini kama imezama. Tangu hapo mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka ukumbini, na ule ukuta haukauki hata kiangazi. Rangi imebanduka, plasta ukiigusa inapukutika kama unga. Nyuma ya kitanda kumeota ukungu mweusi. Nilitundika kanga ili mtoto asiwe anauona. Nilipoitoa kuifua nikakuta madoa meusi yamefunika maandishi yote, nikailoweka usiku kucha, hayakutoka. Madaftari ya mtoto nilikuwa naweka kwenye boksi chini ya kitanda, yale ya chini yakagandana nikayatupa.

Mwanangu ana pumu. Mwaka huu peke yake nimekimbia naye hospitali usiku mara nne. Mara ya mwisho ilikuwa Aprili. Daktari wa zamu, binti mdogo, aliniuliza, "Mama, mnalala wapi?" Nikamwonyesha picha ya ukuta kwenye simu. Akakaa kimya, kisha akasema, "Nikimtibu nikamrudisha hapa tutaonana tena." Maneno hayo hayajanitoka kichwani.

Choo nacho kilijaa masika hii. Usiku mmoja wa mvua kubwa kikatapishwa, sijui na nani, asubuhi uani hapakukanyagika. Mama hawezi kuchuchumaa, anatumia ndoo humo ndani. Nikiwa kazini mtoto akitoka shule ndiye anayekwenda kumwaga. Mama analia, anasema amegeuka mzigo kwa mjukuu wake.

Sasa mgogoro wenyewe ni huu. Kijana mmoja mpangaji, amesoma, ameandika barua kwenda kwa afisa afya wa kata, nakala serikali ya mtaa. Wapangaji wanne wamesaini. Nimebaki mimi.

Nashindwa kusaini, mama. Mwaka 2019 mume wangu aliondoka akaniacha na deni la miezi mitatu. Bibi huyu aliniita chumbani kwake akaniambia, "Lipa mwezi kwa mwezi, mwanangu, hata ukinipa nusu nusu." Mpaka leo nalipa 40,000 kila mwezi. Nimezunguka kwa madalali, hakuna chumba chini ya 60,000, na wote wanataka miezi sita, yaani 360,000, na ya dalali mwezi mmoja. Sina, na sijui nitaipata lini. Usiku wa kwanza mwanangu alipobanwa na kifua, Bibi ndiye aliyempakata kwenye bajaji mimi nikiwa nimechanganyikiwa. Na kila alasiri yeye na mama yangu wanakaa barazani, wanachambua mchele na kusikiliza redio. Mama hana rafiki mwingine hapa mjini.

Mwanawe wa kiume huja mwisho wa mwezi. Tangu mwaka jana kodi tunaituma kwenye simu yake. Aliposikia habari za barua alisimama ukumbini akasema, "Mkileta maofisa hapa nauza nyumba, kila mtu atafute pa kwenda." Bibi alikuwepo. Aliangalia chini, hakusema neno.

Nikisaini naona nimemlipa Bibi ubaya kwa wema. Nisiposaini wenzangu wananiona msaliti, na mwanangu anaendelea kulala pale pale. Kuhama sina uwezo. Usiku akikohoa naamka nakaa nahesabu pumzi zake. Nifanye nini?

Mama wa mmoja, Manzese

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia. Kuna akina mama wengi watakaosoma hapa na kudhani umeandika habari zao, na ile kanga iliyofunikwa madoa wataijua hata kabla hujaisimulia. Pole kwa uchovu ulioubeba peke yako.

Nikikuelewa vizuri, ubaya wa chumba si jambo unalohitaji kuambiwa na mtu. Swali lako ni kama aliyestiriwa anaweza kusimama na kumdai aliyemstiri bila kuwa mtovu wa fadhila. Hilo ndilo linalokunyima usingizi zaidi ya barua yenyewe. Nitalifikia, ila niruhusu nianze na kifua cha mtoto, kwa sababu hicho hakingoji sisi tumalize kufikiri.

Mara nne kwa mwaka kukimbia hospitali usiku ni nyingi. Pumu ina dawa za namna mbili: ile ya kufungua kifua mtoto akishabanwa, na ile ya kukinga, ambayo huvutwa kila siku hata akiwa mzima. Watoto wengi ninaowasikia wanayo ile ya kwanza tu. Mpeleke kliniki mchana, siku ambayo hajabanwa, uulize waziwazi kama anahitaji ya kukinga. Ile picha ya ukuta wakati huo pia uwaonyeshe, na uombe iandikwe kwenye cheti chake kwamba mahali anapolala pana unyevu na ukungu. Karatasi hiyo itakufaa mbele, nitakuambia kwa nini.

Humo ndani, kivute kitanda kitoke ukutani, hata nafasi ya kiganja tu. Godoro lipate jua kila unapoweza. Ile kanga itoe. Najua uliitundika kwa huruma, lakini nyuma yake ukungu unapata giza na unyevu na kuzidi kuota, na kila ikitikisika vumbi lake linamwangukia anayelala chini yake. Ukuta usuguliwe kwa maji na sabuni mtoto akiwa shule, wewe ukiwa umejifunga kitambaa puani. Kama mnachoma dawa ya mbu ya moshi, iacheni, chandarua kinatosha. Halafu nina swali: mvua ikinyesha jiko la mkaa linawashwa wapi? Kama linaingizwa ukumbini, moshi wake unamfikia mtoto, na likiingizwa chumbani na mlango kufungwa, hewa yake inaweza kuwaua nyote watatu usingizini bila hata kukohoa.

Haya hayauponyi ukuta. Yanampunguzia mtoto makali wakati wakubwa wakitafuta njia.

Tuje kwa ukuta. Umeandika mambo mawili ambayo huenda ni matatizo mawili tofauti: barabara iliyoinuliwa na bafu lililoshikana na chumba chako. Kauangalie ukuta kama fundi. Unyevu unaotoka ardhini hupanda kutoka chini ukafika kiunoni hivi, na hutokea kwenye kuta zote, na mara nyingi huacha ungaunga mweupe wa chumvi. Unyevu wa bati linalovuja hushuka kutoka juu, na kiangazi hupotea. Ila kama kuta nyingine tatu zina nafuu na huu wa bafu ndio haukauki mwaka mzima, basi maji ya kuoga ya watu 23 yanapenya kila siku kuja kitandani kwako. Huo ni ugonjwa wenye tiba nafuu: sakafu ya bafu kusakafiwa upya kwa mteremko, upande wa ukuta upigwe plasta ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji, na maji yapewe njia ya kutokea. Ya ardhini ni kazi kubwa zaidi, na rangi mpya juu yake ni kujidanganya. Nakuambia hivi kwa sababu mazungumzo ya "nyumba ni mbovu" humtisha mwenye nyumba akaona gharama isiyo na mwisho. "Bafu lisakafiwe" ni neno ambalo mtu anaweza kulijibu.

Sasa Bibi.

Hukulitamka, lakini naona kama unadhani kwamba Bibi hana uwezo wa kutengeneza. Umelijuaje hilo? Huenda ni kweli. Lakini vyumba vitano, kama wenzako nao wanalipa karibu na unavyolipa wewe, ni kama laki mbili kila mwezi, na wewe mwenyewe umeniambia kwamba tangu mwaka jana fedha hizo zinaingia kwenye simu ya kijana. Bibi anapata ngapi kati ya hizo? Simtuhumu kijana, huenda ndiye anayemnunulia dawa na chakula. Ninachokiona ni kwamba mtu aliyekuambia "lipa hata nusu nusu" na mtu aliyesimama ukumbini akatishia kuuza si mmoja. Wewe unabeba deni la wema kwa mmoja, halafu unamlipa mwingine kwa ukimya wako.

Na Bibi alipoangalia chini, uliisomaje ile? Pengine wewe umeisoma kama kukubaliana na mwanawe. Mimi sikuwepo. Inawezekana alikuwa anaona haya. Inawezekana naye amefika mahali anamwogopa mtoto aliyemzaa. Umesahau kuniambia jambo moja, na nalitafuta kwenye barua silioni: chumba chake Bibi kikoje? Naye yuko nyuma, karibu na choo hicho hicho, anakanyaga maji hayo hayo, katika umri ambao kuteleza mara moja kunaweza kuvunja nyonga. Je, anakohoa? Labda katika nyumba hiyo wenye kuumia na hali yake ni wengi kuliko wapangaji watano, na mmojawapo ndiye mwenye nyumba.

Ndiyo maana nauliza, hivi umewahi kumwambia? Simaanishi malalamiko ya ukumbini. Namaanisha kuingia chumbani kwake kama alivyokuita 2019, ukakaa chini, ukampa picha, ukamwambia alichosema daktari. Aliyempakata mwanao kwenye bajaji ana haki ya kujua kinachomkaba. Wengi tunadhani kumweleza mtu aliyetutendea wema kasoro ya wema wake ni kumtukana. Wazee wengi ninaowajua wangeumia zaidi kugundua kwamba mtoto aliteseka pembeni yao na watu wakawaficha kwa heshima. Lakini wewe ndiye unayemjua Bibi. Kama ni mtu wa kuvunjika moyo, au kama kila neno linakwenda kwa kijana jioni ile ile, utalipima.

Ukienda kwake, yapo mawili matatu yanayoweza kuzungumzika. Mojawapo umelitaja kwa kupita tu: chumba cha mbele kulia, chenye vigae na saruji. Mahali inapowekwa saruji hapafai kuwa na unyevu, la sivyo ingeganda, kwa hiyo nahisi chumba hicho ni kikavu. Vigae vinaweza kukaa kwenye ukuta wenye maji bila kuugua. Mtoto hawezi. Kubadilishana chumba si jambo dogo kwa kijana aliyezoea kukifunga, na anaweza kukataa, au akadai kodi kubwa zaidi. Ila ni njia ambayo haimwondoi mama yako barazani na haihitaji laki tatu na sitini.

Jingine ni wapangaji kuchanga, bafu likatengenezwa na choo kikanyonywa, kisha gharama ikakatwa kwenye kodi. Siku hizi wapo vijana wenye pampu za mkono na pikipiki za matairi matatu wanaofika vichochoroni ambako gari la majitaka halipiti. Hatari ya njia hii naijua vizuri: mnatoa fedha, mwisho wa mwezi kijana anasema hajui habari ya makubaliano yoyote. Kwa hiyo isiwe ya mdomo. Iandikwe kiasi, mwezi na majina, Bibi aweke dole, kijana asaini kwa kuwa ndiye anayepokea, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe ashuhudie. Kwenye hesabu hiyo msisahau kodi ya jengo, ile inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021. Hiyo ni ya mwenye nyumba, na wapangaji wengi wanailipa kimyakimya kila mwezi bila kurudishiwa.

Tugeukie barua inayokusubiri. Naona unaiogopa kama panga. Nikuambie afisa afya anafanya nini hasa. Chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 ana mamlaka ya kuingia na kukagua mahali penye hatari kwa afya, na kwa kawaida humpa mwenye nyumba ilani yenye muda wa kurekebisha. Kufikishana mahakamani huja baadaye, ilani ikipuuzwa. Choo kutapishwa uani ni kosa, na jiji hili linajua kwa nini. Kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 kilitokea Dar es Salaam, katika mitaa ya watu kama nyinyi, na mtoto anayebeba ndoo na kukanyaga uani kama huo ndiye wa kwanza kuugua. Tena ipo Sheria ya Ardhi ya 1999. Ndani yake mwenye nyumba anayepangisha vyumba ana wajibu wa kutunza bati, kuta kuu, mifereji na sehemu mnazotumia wote, na chumba cha kulala watu kinatakiwa kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu. Kwa hiyo mnachokiomba si hisani.

Hata hivyo hatari ipo, nisikudanganye. Kijana anaweza kukasirika kweli. Na hapa kuna jambo ambalo naona hujalitazama: ule wema wa kulipa mwezi kwa mwezi una upande wa pili. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi anaweza kupewa notisi ya mwezi mmoja tu. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, ndiyo maana madalali wanakutajia miezi sita bila wasiwasi. Kwa maneno mengine, uwe umesaini au hujasaini, unakaa hapo kwa ridhaa ya mtu, na ridhaa hiyo siku hizi iko kwenye simu ya kijana. Ukimya wako haukununulii usalama mwingi kama unavyodhani.

Kuhusu kitisho cha kuuza, nacho kiulizwe kabla ya kuogopwa. Umesema nyumba aliijenga marehemu. Je, mirathi ilifunguliwa? Leseni ya makazi ina jina la nani? Kama ni mali ya marehemu, mtoto mmoja haamki asubuhi akaiuza peke yake wakati mama yake mjane yupo hai na pengine ndugu wengine wapo. Usiende kumuuliza Bibi hayo kwa ukali, na wala si kazi yako kuamua mirathi yao. Lakini ni vizuri ujue kwamba sauti kubwa ukumbini si lazima iwe na karatasi nyuma yake.

Kama kuna jambo kwenye barua linalokuumiza, muombe yule kijana msomi akusomee maneno yake. Inamtaja nani? Inasema "mwenye nyumba amekataa" wakati hakuna aliyemkalisha akamwomba? Inaweza kuandikwa upya, ikaomba ukaguzi na ushauri, ikaeleza kwamba Bibi mwenyewe ni mzee na anaishi humo. Inaweza kusubiri wiki mbili ili kwanza mzungumze naye. Wenzako wanne wanaweza kukubali, au wakasema wamechoka kusubiri, na uchovu wao nao ni wa haki, wana watoto wao. Unaweza pia kuwaambia ukweli kwamba utazungumza na Bibi kabla ya kuweka jina lako. Mtu anayesema hivyo waziwazi huitwa mwoga kwa siku mbili tatu, haitwi msaliti kwa maisha.

Mambo yakikwama, Baraza la Kata lipo kwa ajili ya kusuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30 shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kabla ya hapo tafuta wasaidizi wa kisheria, wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Msaada wao ni bure kwa mtu asiye na uwezo. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anaweza kukuelekeza walipo. Na hapo ndipo cheti cha kliniki nilichokutajia kitasema yale ambayo wewe ukiyasema wataona unalalamika tu.

Kuhama nimekuacha mwisho makusudi, kwa kuwa umelifunga jambo hilo kwa neno "sina". Leo huna. Lakini umeuza chapati miaka yote hii ukalipa kodi, ada za hospitali na chakula cha watu watatu, kwa hiyo usiifute kabisa hesabu hiyo. Je, una mchezo na wenzako wa kituoni? Zamu yako ya kupokea ni lini? Wapo wenye nyumba wanaokubali miezi mitatu, hasa mkikutana bila dalali, na mara nyingi hupatikana kwa kuuliza msikitini, kanisani au kwa wateja wako wa chai. Ukipata mahali, kakiangalie chumba siku ya mvua au kesho yake, ushike ukuta kwa chini, ukiangalie choo, uwaulize wapangaji maji hufika wapi masika. Wengi wametoka chumba chenye maji wakalipa miezi sita ya chumba kingine chenye maji kilichopakwa rangi juzi. Na upime umbali. Chumba cha bei nafuu huko pembezoni kinaweza kukumalizia faida yote kwenye nauli, mama yako akawa mbali na kliniki na yule rafiki yake wa alasiri. Upweke kwa mtu mwenye kiharusi nao ni ugonjwa.

Kuhusu mama. Tafuta kiti imara cha plastiki, fundi akitoboe katikati, ndoo yenye mfuniko ikae chini yake, na shuka la kuzungushia liwepo. Atakaa badala ya kuning'inia, na atajifunika mwenyewe. Ndoo ingoje urudi, au jirani mtu mzima unayemwamini aitoe mchana, ukimlipa hata kwa chapati. Mtoto apumzishwe kazi hiyo. Na mama umwambie kwamba machozi yake umeyaona. Pengine umekuwa ukikazana naye kwa haraka za kazi hujapata nafasi ya kukaa naye mkalizungumza.

Tena mama yako mwenyewe umemuuliza anaonaje? Kila alasiri yupo na Bibi, wanachambua mchele pamoja. Yawezekana anajua kilicho moyoni mwa yule mwanamke kuliko mimi na wewe. Wazee wawili barazani huwa wameshayazungumza mengi ambayo sisi tunayaogopa. Inaweza kuwa yeye ndiye wa kulianzisha neno hili kwa Bibi, wewe ukaja na picha.

Mimi siwezi kukushikia kalamu, wala sitakuambia uisaini au usiisaini. Wewe ndiye utakayelala humo, na wewe ndiye utakayekutana na Bibi uani asubuhi ya kesho yake. Ila kliniki usiingoje barua. Nenda wiki hii, nenda na picha, kisha uniandikie walikupa dawa gani, na Bibi alisema nini alipouona ukuta.